Maswali na Majibu: Doa la Taa Juu ya Mpira na Namna ya Kulenga katika Pool

Safu hii imepokea barua kadhaa kuhusu kulenga kwa kutumia mwanga wa taa unaoonekana juu ya mipira ya pool. Kwa kuwa barua hizo zinaelekea jambo moja, nimezijibu pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayobeba uzito wa nyingine zote.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mzee mmoja niliyekuwa nikicheza naye alinifundisha kwamba kila mpira ulio juu ya meza una doa jeupe la taa, na kwamba mchezaji hodari hahitaji kukisia pembe. Anachofanya ni kuutuma mpira mweupe kwenye doa la kushoto au la kulia, kulingana na upande lilipo shimo. Nilicheza hivyo kwa miezi mingi kwenye meza tuliyoizoea, na mipira ilikuwa inaingia. Hivi karibuni nilicheza kwenye meza nyingine yenye taa za namna nyingine, nikakosa karibu kila pigo la kukata, yaani lile la kuupeleka mpira kwa pembe badala ya moja kwa moja. Je, mzee alinipotosha, au mimi ndiye niliyeshindwa kuyasoma madoa hayo?

*Mchezaji wa mipira minane*

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Mzee hakukupotosha, ila alikukabidhi nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ndiyo inayokusumbua sasa. Ili tuipate, inatubidi kwanza tujue doa lile ni kitu gani.

Mpira wa pool uliosafishwa vizuri ni kioo mbinuko chenye umbo la tufe. Kipenyo chake ni milimita 57.15, kwa hiyo nusu kipenyo ni kama milimita 28.6, na taswira ya taa iliyo mbali hukaa ndani ya mpira, kama milimita 14 nyuma ya uso wake. Doa unaloliona ni taswira hiyo. Mwanga hutoka kwenye taa, hugonga uso wa mpira, kisha huingia jichoni mwako kutoka mahali pale tu ambapo pembe ya kufika inalingana na pembe ya kuondoka. Mahali hapo huamuliwa na vitu vitatu kwa pamoja: taa ilipo, mpira ulipo, na jicho lako lilipo. Kimojawapo kikihama, doa nalo linahama. Angalia sasa kisichotajwa katika orodha hiyo fupi, ambacho ni shimo.

Mahali ambapo mpira mweupe unapaswa kuugusa mpira unaolengwa huamuliwa kwa namna nyingine kabisa. Chora mstari kutoka katikati ya shimo, upite kwenye kitovu cha mpira, utokeze upande wa pili: pale unapotokeza ndipo pa kugusa. Mahali hapo hapahamihami. Unaweza kuizunguka meza yote, unaweza kuzima taa zote, na mahali pa kugusa patabaki pale pale, kwa sababu panatokana na mpira na shimo peke yake. Basi tuna alama mbili juu ya mpira mmoja, moja ikiamuliwa na shimo na nyingine ikiamuliwa na taa pamoja na jicho. Zikikutana mahali pamoja, zimekutana kwa bahati ya mpangilio wa meza ile, saa ile, kwa mtu yule aliyesimama pale.

Nakuomba ufanye jaribio dogo ambalo mimi mwenyewe nililifanya baada ya kuvutana sana na wenzangu kuhusu suala hili, na likanifundisha kuliko maneno yote. Chukua mpira wenye namba, uweke katikati ya meza chini ya taa, kisha inama kama unayetaka kupiga. Uzungushe mpira taratibu kwa vidole mpaka doa la taa likae juu ya namba kabisa, weupe juu ya weupe, hata namba isomeke kwa shida. Sasa, bila kuugusa mpira, sogea hatua moja upande wako wa kulia na uiname tena. Namba itakuwa imeelekea kushoto, kama inavyopaswa kwa kitu kilichochapwa juu ya mpira, lakini doa litakuwa limekufuata wewe na litakuwa limeachana na namba. Sogea hatua nyingine, litakufuata tena. Mtu anayeelewa jambo hilo kwa macho yake hatalichukulia tena doa kuwa alama ya mpira.

Tuliweke jambo hili katika hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa kosa. Tuseme juu ya meza kuna taa tatu zilizopangwa kwa mstari mmoja kufuata urefu wa meza, sentimita 80 juu ya mipira, na kila taa ya pembeni iko sentimita 60 kutoka ile ya kati. Mpira uko chini ya taa ya kati, nawe umeinama karibu usawa wa meza ukitazama kukatiza upana wake. Utaona madoa matatu. Lile la kati litakuwa juu ya mstari wima unaougawa mpira sawasawa, na yale ya pembeni yatakuwa kama milimita 12 kutoka kwenye mstari huo, kila moja upande wake. Milimita 12 kutoka katikati ndipo hasa pa kugusa kwa pigo la kukata kwa nyuzi 25. Kwa hiyo mtu ambaye shimo lake linadai nyuzi 25 atalenga mipira igusane penye doa la pembeni, atafunga, na atainuka akiamini kwamba taa imemwonyesha njia.

Sasa usogeze mpira huo sentimita 30 kuelekea taa mojawapo ya pembeni, ukiendelea kutazama upande ule ule. Doa la taa hiyo halitakuwa tena milimita 12 kutoka katikati, bali kama milimita 7, mahali panapolingana na pigo la nyuzi 14 tu. Tofauti ni nyuzi 11, na baada ya mpira kusafiri mita moja tofauti hiyo imekuwa sentimita 19. Mdomo wa shimo la kona kwenye meza ya mashindano haufiki sentimita 12. Mpira ulisogea sentimita 30 tu, umbali ambao mipira husogea kila dakika katika mchezo wowote, na doa lile lile ambalo lilifunga sasa linakosa shimo zima. Ukibadilisha meza, ukabadilisha na taa, ndipo yanapotokea hayo yaliyokupata.

Utauliza kwa nini basi ulifaulu kwa miezi mingi. Naamini kuna sababu mbili, na zote zinastahili heshima. Ya kwanza ni kwamba meza moja iliyozoeleka hufundisha. Jicho na mkono wako vilikuwa vimejifunza kimyakimya kurekebisha kidogo hapa na pale: ukiwa karibu na ukingo unalenga nje kidogo ya doa, ukiwa katikati unalilenga lenyewe. Marekebisho hayo ndiyo yaliyokuwa yakifunga mipira, ijapokuwa sifa ilikwenda kwa doa. Sababu ya pili ni utulivu wa jicho. Mpira wa rangi moja hauna kitu cha kukazia macho, na mtazamo wa mchezaji huteleza huku na huku mpaka dakika ya mwisho. Doa la taa humpa mahali pa kutua. Mchezaji aliyetuliza macho hutuliza kichwa, na aliyetuliza kichwa hunyoosha mkono. Faida hiyo ni ya kweli hata kama doa lenyewe haliko mahali pa kugusa.

Kwa hiyo sikuambii uyaache madoa. Nakushauri ugeuze utaratibu. Kwanza simama nyuma ya mpira unaolengwa, kwenye mstari mmoja na shimo, uone pa kugusa. Kisha tembea hadi upande wa mpira mweupe bila kuondoa macho mahali hapo, na uiname. Ukishainama, na hapo tu, litazame doa na ujiulize pa kugusa pako upande gani wake na kwa umbali gani: labda ni kulia kwa doa kwa upana wa ncha ya fimbo, labda ni chini yake moja kwa moja, labda ni kushoto kidogo. Kwa njia hii shimo limeamua, na doa linakusaidia tu kukumbuka lilichoamua. Likihama katika pigo linalofuata, hutadhurika, kwa kuwa utakuwa umelipima upya.

Katika kupima huko, kumbuka kwamba doa liko juu sana kuliko mahali pa kugusa. Mipira miwili yenye ukubwa mmoja hugusana katika kiuno chake, yaani milimita 28.6 kutoka kwenye kitambaa, wakati doa la taa ya juu huonekana karibu na ukingo wa juu wa mpira. Teremsha kwa jicho lako uzi wima kutoka kwenye doa hadi kiunoni, kisha upime kutoka hapo. Nimewaona wachezaji wazuri wakiuinua mtazamo wao kufuata doa, na pamoja na mtazamo wakainua kichwa na bega, pigo likaharibika kabla ya fimbo kufika.

Liko kosa jingine ndani ya maneno ya mzee, nalo ni kubwa kuliko la taa. Alisema uutume mpira mweupe kwenye doa. Hata kama doa lingekuwa mahali pa kugusa barabara, kitovu cha mpira mweupe hakipaswi kuelekezwa pale. Mpira mweupe nao una unene wake, nao hugusa kwa ubavu. Chukua pigo la nusu mpira, linalokata kwa nyuzi 30: mahali pa kugusa pako kama milimita 14 kutoka katikati ya mpira unaolengwa, lakini kitovu cha mpira mweupe kinaelekea ukingo kabisa wa mpira huo, milimita 28.6 kutoka katikati, mara mbili ya umbali ule. Ukikielekeza kitovu kwenye mahali pa kugusa, utakata kwa nyuzi 14 na nusu tu badala ya 30, na mpira utapita kando ya shimo upande mmoja, kwa kuwa haukukatwa vya kutosha. Ndiyo maana wanaoanza kulenga kwa madoa hukosa upande ule ule kila mara, nao hulaumu mkono. Liwazie umbo la mpira mweupe likiwa limeugusa tayari mpira unaolengwa pale panapotakiwa, na uutume mpira wako ukakae ndani ya umbo hilo.

SWALI

Mwalimu, mimi situmii madoa ya mipira ya rangi. Natumia lile lililo juu ya mpira mweupe ili nipate katikati yake na kupiga bila kuuzungusha pembeni. Kwenye baadhi ya mapigo mpira hutoka umenyooka, kwenye mengine huzunguka kushoto au kulia ingawa nimelenga chini ya doa vilevile. Nini kinabadilika?

*Anayependa pigo lililonyooka*

JIBU

Kinachobadilika ni nafasi ya taa kulinganisha na mstari wako wa kupiga. Kanuni yake ni nyepesi na inafaa kukaa kichwani: taa, jicho lako na kitovu cha mpira vikiwa katika bapa moja lililosimama wima, doa hukaa juu ya mstari wima unaougawa mpira sawasawa. Si lazima taa iwe juu ya mpira hasa. Inaweza kuwa mbele yake au nyuma yako, mradi iko juu ya mstari wa pigo. Hapo doa ni shahidi mwaminifu, na fimbo inayoonekana kupita chini yake moja kwa moja inaelekea katikati.

Taa ikiwa pembeni mwa mstari, doa huvutwa upande wa taa. Katika mfano nilioutoa juu, taa iliyo sentimita 60 pembeni na sentimita 80 juu hulivuta doa milimita 12 kutoka katikati, na huo ni kama upana mzima wa ncha ya fimbo nyingi za pool. Mtu anayepiga chini ya doa hilo anauzungusha mpira kwa nguvu bila kujua, na si mzunguko peke yake unaomwumiza, kwa maana mpira uliopigwa pembeni huchepuka kidogo kuelekea upande wa pili mara tu unapoondoka kwenye ncha. Umelenga sawa, umepiga ulipodhani ni katikati, na mpira umekwenda mahali pengine. Ukitazama mapigo yako yaliyoharibika, nadhani utakuta mengi yalipigwa kutoka upande mmoja wa meza.

Njia ya kuhakiki haihitaji chombo chochote. Simama nyuma ya mpira mweupe kwenye mstari wa pigo, fumba jicho moja, ishike fimbo kwa vidole viwili karibu na mwisho wake uiache ining'inie wima mbele yako, mpaka ionekane kuukata mpira katikati. Bila kuhamisha kichwa, inua macho uifuate fimbo hadi juu. Taa ikiwa nyuma ya fimbo, doa litakuwa katikati. Taa ikiwa kulia, doa limekwenda kulia. Baada ya kufanya hivyo mara kumi au kumi na tano utaanza kujua kwa kuitazama meza tu ni mapigo yapi ya kuliamini doa, na ni yapi ya kutafuta katikati kwa kutumia kingo mbili za mpira na mahali unapokanyaga kitambaa. Pale chini, mpira unapogusana na kitambaa, ndipo ninapopaamini mimi kuliko doa lolote, kwa sababu taa haina uwezo wa kupahamisha.

Kuna kazi moja ambayo doa la mpira mweupe huifanya vizuri mno, nayo haisemwi mara nyingi. Chini ya taa iliyo juu ya mpira, urefu wa doa hukuambia urefu wa kichwa chako. Ukiinama mpaka jicho likaribie usawa wa mpira, doa hupanda na kukaa kama milimita 20 juu ya katikati, karibu na ukingo wa juu. Ukiinuka, doa hushuka kuelekea katikati ya duara unaloliona. Kwa hiyo piga mapigo kadhaa mazuri, ukariri nafasi iliyobaki kati ya doa na ukingo wa juu wa mpira, na katika mapigo yanayofuata hakikisha unaiona nafasi ile ile kabla ya kuisukuma fimbo. Wengi wetu huinama vizuri mwanzoni mwa mchezo na kuinuka kidogo kidogo tunapochoka, bila kutambua. Doa hulitambua.

SWALI

Mahali tunapochezea pamefungwa taa mpya, fremu kubwa ya mwanga inayofuata kingo zote za meza. Madoa tuliyoyazoea yametoweka, na juu ya kila mpira sasa kuna umbo kama dirisha jeupe. Baadhi ya wenzangu wanataka taa za zamani zirudishwe. Mwalimu unasemaje?

*Katibu wa kikundi cha wachezaji*

JIBU

Ningewaomba wenzako wavumilie majuma machache. Taa ya fremu humwaga mwanga kutoka pande nyingi, hivyo vivuli vya mipira hupungua ukali na kingo za mpira huonekana wazi pande zote mbili. Kingo hizo mbili ni msaada mkubwa kuliko doa, kwa kuwa anayeona kingo vizuri anaweza kuikata duara kwa nusu na kwa robo bila kutegemea taa ilivyofungwa. Lile umbo la dirisha nalo linasomeka. Mpira ukiwa katikati ya meza nawe ukitazama kufuata urefu wake, dirisha husimama sawasawa kushoto na kulia. Mpira ukisogea karibu na ukingo mmoja, dirisha huinama na upande wake mmoja hunyooka zaidi ya mwingine. Ni kanuni ile ile ya doa, ila imeandikwa kwa herufi kubwa.

Kama bado mnaamua namna ya kuifunga, shirikisho la dunia la mchezo huu, WPA, limeweka vipimo vinavyofaa kufuatwa hata na kikundi kidogo. Kila sehemu ya kitanda cha meza, yaani uso wa kuchezea, na kingo zake ipate mwanga usiopungua luksi 520, na katikati pasing'ae kuliko kona kwa kiasi kinachoonekana. Taa inayoweza kusogezwa kando isiwe chini ya mita 1.016 kutoka kitanda cha meza, na ile isiyosogea isiwe chini ya mita 1.65. Taa iliyo chini sana humpiga mchezaji machoni anapoinuka, na pia huyavuta madoa pembeni zaidi kuliko taa iliyo juu.

SWALI

Je, ni kosa kisheria kulenga kwa kutumia madoa ya mwanga? Mpinzani wangu alinilalamikia.

*Mlengaji*

JIBU

Si kosa. Kanuni za WPA zinamkataza mchezaji kutumia mpira, pembetatu ya kupangia au kipimo kingine chochote cha upana ili kujua kama mpira utapita mahali fulani. Zinamruhusu kutumia fimbo yake kukadiria nafasi au kunyoosha pigo, mradi ameishika mkononi. Kuweka alama mezani ili ikusaidie kulenga, kwa mfano kukiacha kipande cha chaki juu ya ukingo mahali unapolenga, hakuruhusiwi. Mwanga unaoonekana juu ya mpira hukuuweka wewe, na kuutazama hakumnyimi mpinzani haki yoyote. Mjibu kwa upole.

SWALI

Mipira yetu imechakaa na doa lake ni kama ukungu. Je, kuisafisha kutanisaidia kulenga?

*Mwenye mipira ya zamani*

JIBU

Kutakusaidia, ingawa msaada mkubwa hautakuja kwa njia ya doa. Mipira inapogusana katika pigo la kukata, msuguano kati yake huuvuta kidogo mpira unaolengwa kutoka kwenye mstari uliokusudia, kuelekea upande mpira mweupe unakokwenda. Mvuto huo huonekana zaidi katika mapigo ya polepole ambayo mpira mweupe unafika ukiteleza bila kuviringika, na kwa pembe za wastani unaweza kufikia nyuzi kadhaa. Uchafu na chaki iliyoganda huuongeza, tena bila kipimo kimoja, kwa sababu sehemu moja ya mpira ni chafu kuliko nyingine. Doa lililofifia ni dalili unayoweza kuiona ya tatizo hilo usiloweza kuliona. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevunyevu, uikaushe kwa kingine, na uepuke vitu vya kusugulia vinavyokwaruza.

SWALI

Mwalimu, mara nyingi tunabishana kama mpira mweupe umegusana na mpira mwingine au la. Nimesikia kwamba mwanga unaweza kumaliza ubishi huo. Unafanyaje?

*Mwamuzi wa kujitolea*

JIBU

Hapa ndipo mng'ao wa mipira unaponifurahisha kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa katika jambo hili hausaidii kukisia, bali unajibu.

Usiitazame mipira kutoka juu, wala kutoka nyuma ya mmoja wao, kwa maana kutoka huko hata mipira iliyoachana huonekana imeshikana. Nenda ubavuni, mstari wako wa kutazama ukikatiza ule unaounganisha vitovu viwili, na ushuke mpaka jicho liwe usawa wa viuno vya mipira. Sasa tazama ndani ya mpira mmoja utafute taswira ya mwenzake. Utauona mpira wa pili ukiwa mdogo na umepinda, ukiinamia kutoka ndani mahali pale pale panapokaribiana. Mipira ikiwa imegusana, mpira na taswira yake hukutana katika nukta moja na hakuna mwanga unaopita kati yao. Mipira ikiwa imeachana, utaona uzi wa mwanga, na uzi huo huonekana mnene takriban mara mbili ya nafasi iliyopo, kwa sababu taswira nayo imerudi nyuma ya uso wa kioo kwa umbali ule ule ambao mpira umesimama mbele yake. Nafasi ya sehemu mbili za kumi za milimita, ambayo kutoka juu haionekani hata kwa macho makali, huonekana kama sehemu nne.

Mwombe mwenzako ashike karatasi nyeupe upande wa pili wa mipira, bila kuugusa wala kuutikisa ukingo, ili kuwe na weupe wa kupita katika ufa huo. Fanya hivyo kabla mchezaji hajainama, na utangaze jibu kwa sauti wote wasikie, kwa sababu kanuni hutenganisha hali hizo mbili. Mpira mweupe ukiwa umegusana na mpira halali, yaani ule ambao zamu hiyo anaruhusiwa kuulenga, mchezaji anaruhusiwa kupiga kuelekea mpira huo, na ukisogea kwa pigo hilo unahesabiwa kuwa umeguswa. Ukiwa umeachana nao kwa uzi tu, pigo lile lile lililonyooka litaifanya ncha iuguse mpira mweupe mara ya pili kabla haujaondoka, na hilo ni kosa.